Wiki Sita za Kurudi

Hotuba kwa watembea milima, waongoza watalii, wapagazi na familia zao. Mbeya, mwanzoni mwa kiangazi.

Wazee, shikamooni. Kina mama na kina baba, vijana, waongoza watalii na wapagazi mliotoka Matamba, Tukuyu, Makete, Njombe na Iringa: kamwene, ugonile, karibuni sana.

Mvua imekatika, na siku chache zijazo wengi wenu mtakuwa mnafunga mashanta. Kila mwaka wakati kama huu tunakaa kuzungumzia kwenda: hema lipi, soksi ngapi, kibali kinakatwa wapi. Ya kwenda tunayajua. Mada ya leo ni kurudi, na naomba tuipe uzito uleule, kwa sababu watu wetu wengi hushuka mlimani wazima wakaja kuumia nyumbani. Kisigino kinagoma wiki ya pili. Homa inapanda siku ya kumi na mbili na mgonjwa anameza dawa ya mafua. Kijana aliyekuwa mchangamfu njia nzima anajifungia chumbani, na mama yake hajui mtoto amekosewa nini. Mambo haya yana sababu zinazojulikana, na karibu yote yanaweza kupangiwa kabla mtu hajatoka nyumbani. Ndiyo maana tunasema wiki sita za kurudi ni sehemu ya safari. Ziingie kwenye ratiba, na ziingie kwenye bajeti.

Safari ndefu ninayoisema ni ya siku kumi au zaidi mfululizo, saa sita hadi nane kwa siku, mzigo mgongoni. Marekani iko njia ya Appalachian, karibu kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine. Anayeitembea yote kwa mkupuo mmoja hutumia miezi mitano hadi saba. Sisi hatuna njia moja iliyochorwa ya urefu huo, lakini tunayo milima inayoshikana: Poroto na ziwa lake la Ngozi, Rungwe wa mita 2,960, uwanda wa Kitulo kwenye mita 2,600 hivi, safu ya Kipengere, kisha milima ya Livingstone inayoporomoka hadi Ziwa Nyasa. Upande wa Iringa wapo wa Udzungwa. Anayeunganisha vipande vya milima hiyo kwa siku 15 au 20, mwili wake unapitia yaleyale ya Appalachian kwa kipimo kidogo. Na mpagazi anayefanya safari fupi nane kati ya Juni na Oktoba ndiye mtembeaji mkubwa kuliko wote, ingawa hakuna anayemwita hivyo. Haya yanamhusu yeye kwanza.

Kuna neno moja lazima liondolewe njiani: kwamba kutembea mbali ni mambo ya wazungu. Vijana wa Njombe waliokwenda umanamba kwenye mashamba ya mkonge walitembea siku nyingi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu kuliunga mkono Azimio la Arusha. Ninalitaja hili kwa sababu neno hilo linamuuma aliyerudi. Mtu katembea wiki tatu, kabadilika moyoni, anafika kijiweni anaulizwa, "Sasa umepata nini?" Tusiwafanyie watu wetu hivyo.

Tuanze na mwili, na mwili unaanza kuharibika siku ya mwisho ya kutembea, kwenye mteremko.

Angalieni jiografia yetu. Anayemalizia Matema anashuka kutoka Kitulo, mita 2,600, hadi ziwani, chini kidogo ya mita 500. Ni mteremko wa zaidi ya mita 2,000, na unakuja mwisho, wakati mapaja yamechoka na akili imeshafika ufukweni. Kupanda kunachosha pumzi. Kushuka kunachana misuli, kwa sababu paja linafunga breki huku linavutwa lirefuke. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Kilele chake ni siku ya pili na ya tatu, mtu akiwa kwenye basi la kurudi. Kwa hiyo mteremko huo ugaweni siku mbili. Fimbo zirefushwe sentimita tano hadi kumi. Hatua ziwe fupi. Kamba za buti zifungwe upya, zikazwe kifundoni ili vidole visigonge mbele, na kucha zikatwe siku mbili kabla, si asubuhi ileile, maana ukikata vibaya kidonda kinakuwa kibichi ndani ya soksi.

Mkumbuke pia joto. Kila mita 1,000 unazoshuka joto la hewa linaongezeka nyuzi sita hivi, kwa hiyo kati ya Kitulo na Matema mna tofauti ya nyuzi 12 au 13. Mtu aliyeamka kwenye jalidi anajikuta ndani ya siku mbili kwenye jasho la Kyela, wilaya ilimo Matema, na bado anakunywa maji kwa kipimo cha baridi. Akikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kola, na mapaja yamevimba na kukakamaa, hiyo ni dalili kwamba misuli iliyovunjika inamwaga sumu kwenye figo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, maana dawa hizo zinaweza kuidhuru figo zaidi.

Tuje kwenye chakula, ambako makosa ni mengi na watu wanaona haya kuyazungumza.

Mtu wa kilo 65 aliyebeba kilo 15 kwa saa nane za milima anatumia karibu kilokalori 4,000 kwa siku. Siku ya kawaida ya dukani au ofisini hafikishi 2,500. Njiani anaziba pengo hilo kwa vitu vyepesi kubeba vyenye nguvu nyingi: robo kilo ya karanga inatoa kilokalori 1,400, ukiongeza sukari, biskuti, tambi na mafuta. Maharage anayaacha kwa sababu ya kweli kabisa: kwenye mita 2,600 maji yanachemka kwa nyuzi 91 tu, na maharage yanakula kuni na mafuta ya jiko bila kuiva. Basi mtu anatoka mlimani amepungua kilo kadhaa, amekula sukari na mafuta wiki tatu, hajaonja mchicha.

Anafika nyumbani, kutembea kumesimama siku moja, lakini njaa haisimami. Mwili unataka kurudisha akiba uliyotumia, na hamu ya kula inabaki juu kwa wiki kadhaa baada ya kazi kwisha. Mtu anakula sahani ya njiani akiwa amekaa kwenye kochi. Akigundua ameongezeka, anaruka upande wa pili anajinyima, ndipo nguvu zinakatika na hasira zinapanda. Njia zote mbili ni mbaya.

Fanyeni hivi. Wiki ya kwanza kula ushibe, milo mitatu na kipande cha jioni, bila kujihukumu. Lakini kila mlo uwe na cha kujenga misuli. Mtu wa kilo 65 anahitaji gramu 80 hivi za protini kwa siku katika kipindi hiki. Mayai mawili yana 12, maharage makavu gramu 100 yana 20 na ushee, dagaa wakavu gramu 50 wana karibu 30, nusu lita ya maziwa ina 16. Hapo umefika, na hakuna kitu cha kuagiza kutoka nje. Kuanzia wiki ya pili anza kupunguza, na upunguze kwa mpangilio: kwanza soda na biskuti, kisha chipsi na maandazi, mwisho ndiyo ugali, robo ya sahani kila wiki. Mboga na matunda visiguswe; tuko kwenye nchi ya parachichi na kabichi, tule. Kufikia wiki ya tano njaa huwa imekubaliana na maisha ya kawaida.

Miguu.

Unyayo una utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Wiki tatu za mzigo zinauvuta na kuutia michubuko midogo, na misuli ya nyuma ya mguu inakuwa imejikaza kwa kupanda. Njiani buti linaushikilia. Nyumbani unalivua buti, unavaa malapa, unatembea kwenye sakafu ya saruji, na usiku utando unajikunyata. Asubuhi unaposhuka kitandani, hatua ya kwanza ni kama umekanyaga msumari. Hatua ya ishirini maumivu yamepungua, kwa hiyo unapuuza. Ukipuuza wiki mbili, yanaweza kukaa nawe miezi.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Kwa wiki nne za mwanzo usitembee peku wala na malapa laini, hata ndani ya nyumba. Weka pembeni ya kitanda viatu vyenye soli nene na uvivae kabla unyayo haujagusa sakafu. Jioni gandisha maji kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita, iviringishe chini ya unyayo dakika tano kila mguu. Na kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, mara mbili kwa siku. Hilo tutalifanya hapa kabla hatujatoka, kwa sababu watu wengi wanalifanya vibaya.

Mguu pia unavimba na upinde wake unalala kidogo, hivyo viatu vya kazini vinaweza kubana. Usinunue vipya mapema. Subiri wiki mbili, na ukienda kujaribu soko la Mwanjelwa nenda jioni, mguu ukiwa katika ukubwa wake wote. Ukucha mweusi uache; usiung'oe. Ukucha wa kidole gumba unachukua mwaka hadi mwaka na nusu kujirudisha. Ganzi kwenye vidole kwa kawaida inatoka yenyewe baada ya wiki au miezi michache, ila kama mguu unaburuza na huwezi kuinua vidole, nenda kwa daktari.

Na kuna aina moja ya maumivu ambayo si ya kuvumilia: yanayoonyeshwa kwa ncha ya kidole kimoja, juu ya mfupa, kwenye muundi au mgongo wa unyayo, na yanauma hata umelala. Huo unaweza kuwa ufa wa mfupa uliotokana na uchovu. Picha ya eksirei ya wiki ya kwanza mara nyingi haiuonyeshi. Unaonekana baada ya wiki mbili au tatu, mfupa unapoanza kujiunga. Kwa hiyo ukiambiwa "picha iko safi" na ncha ya kidole bado inakutafutia kilio, acha kukimbia, acha kubeba, na urudi upigwe tena.

Kusimama ghafla nako ni kosa. Uwezo wa moyo na mapafu unaanza kushuka ndani ya wiki mbili tu za kukaa. Wiki ya kwanza tembea dakika 30 kwenye tambarare bila mzigo, kila siku, hata kama ni kwenda sokoni na kurudi. Wiki ya pili na ya tatu, siku tatu za saa moja. Wiki ya nne rudi kwenye mwinuko: Loleza ipo hapa juu ya mji, hakuna haja ya nauli.

Sasa homa. Naomba hapa msinzie kidogo kuliko mnavyosinzia sasa, maana hili linaua.

Sisi wa nyanda za juu hatukuzoea malaria kama ndugu zetu wa Kyela. Makete, Njombe na milimani Mbeya mbu wake ni wachache, hivyo miili yetu haina kinga ya kutosha, na akili zetu hazina wazo hilo. Mtu analala siku mbili Matema bila chandarua kwa sababu hema lina joto, anapanda basi, anafika kwenye baridi yake. Vimelea vinakaa mwilini kimya, mara nyingi siku 9 hadi 14, mara nyingine 7, mara nyingine mwezi na zaidi. Homa ikianza yeye yuko Makete, kuna upepo, watu wote wanakohoa. Nani atafikiria mbu? Sheria ya kundi iwe hii: homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kushuka ziwani, kipimo cha malaria siku hiyohiyo, na mgonjwa amwambie mhudumu kwa sauti, "Nilikuwa Kyela." Kipimo cha kwanza kikisema hakuna na homa ikaendelea, kirudiwe kesho yake.

Kichocho nacho kipo Ziwa Nyasa. Ukioga ziwani, hasa penye magugu na maji yaliyotulia, weka alama kwenye kalenda wiki ya nane ukapime mkojo na choo. Usikimbilie kupima wiki ya kwanza, mayai ya minyoo hayajaanza kuonekana. Wengine hupata homa, mwasho na kikohozi kati ya wiki ya pili na ya nane. Daktari aambiwe kuhusu ziwa. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inatibu. Kuharisha kwa harufu mbaya na tumbo kujaa gesi wiki moja hadi tatu baada ya safari, fikirieni maji ya mto uliyokunywa bila kuchemsha. Na wanaopita kwenye malisho wajikague kupe: kidonda kidogo chenye kigaga cheusi pamoja na homa na kichwa kuuma, mwonyeshe daktari kigaga hicho. Asipokiona hawezi kukisia.

Nimekaa sana kwenye mwili. Tuje kwenye moyo, na wazazi naomba mnisikilize hapa.

Mtu wa kwanza anayejulikana kuitembea njia ya Appalachian yote kwa msimu mmoja ni Earl Shaffer, mwaka 1948. Alikuwa askari wa Vita Kuu ya Pili, na alikwenda kutembea ili vita imtoke. Kutembea kunafanya kazi kubwa ndani ya mtu. Saa nane za mwendo kila siku zinatuliza mwili. Jua la asubuhi linapanga usingizi. Swali la siku ni moja au mawili tu: maji yako wapi, tutalala wapi. Jioni jibu unalo, unaliona kwa macho, umefika. Na wenzako wanne au watano wanajua hali yako bila kuuliza, kwa sababu wamekuona ukipanda.

Siku ya kwanza nyumbani vyote hivyo vinaondoka kwa pamoja. Mwendo umekwisha. Unaamka ndani, taa ya umeme, simu. Maswali ni hamsini na hakuna hata moja linalokwisha jioni. Wenzako wametawanyika. Kwa siku tano au saba furaha ya kufika inakubeba. Ndipo wiki ya pili au ya tatu unaporomoka. Usingizi unakatika saa nane za usiku, kelele za bodaboda zinakera, mazungumzo ya watu yanaonekana hayana maana, na unajilaumu kwa kuwa mzigo kwa watu waliokuonea shauku. Hali hii inawakuta watembeaji wengi sana. Haina uhusiano na udhaifu wa imani wala kurogwa huko porini, na nawaomba tusiifanye hivyo.

Inavyoshughulikiwa ni kwa kurudisha, kidogo kidogo, vile vitu vilivyoondoka. Amka saa ileile ya njiani na utoke nje, dakika ishirini za jua la asubuhi kabla ya simu. Lala mapema. Ukitaka kulala kwenye mkeka sakafuni siku za mwanzo, lala, nyumbani wasishangae. Shika kazi moja ya mikono yenye mwisho unaoonekana siku hiyohiyo: kupalilia tuta mbili, kupasua kuni, kutengeneza banda. Kazi ya kompyuta haileti kitu kile. Kabla hujatoka nyumbani, panga kabisa tarehe ya matembezi madogo ya wiki ya tatu baada ya kurudi, Ngozi ya nusu siku kwa mfano, pamoja na watu walewale wa safari.

Na mpigiane simu. Siku ya 10 na siku ya 21, kiongozi wa kundi ampigie kila mtu. Ampigie, asitume ujumbe. Asiulize "uko poa?" kwa sababu Mtanzania atajibu poa hata akiwa anazama. Aulize mambo yanayohesabika: jana ulilala saa ngapi? Ulikula nini? Ulitoka nje? Leo umeongea na nani? Majibu ya maswali hayo manne yanasema ukweli hata kama mwenyewe hataki kusema.

Pombe naitaja kwa kifupi. Ulanzi na komoni vya kupongezana siku ya kufika, sawa. Vikianza kuwa ndivyo vinavyoleta usingizi, hali inazidi kuharibika, kwa sababu usingizi wa pombe unakatika alfajiri.

Zikipita wiki mbili na kila siku ni giza, mtu hali, halali, hataki alichokipenda, aende hospitali ya wilaya au ya rufaa na aulize huduma ya afya ya akili, kama angeenda kuulizia goti. Na akitamka kwamba heri kufa, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo. Mzazi, mwenza, rafiki, usibishane naye wala usimhubirie. Kaa naye, mwende pamoja.

Ya nyumbani sasa, na mengi yake ni ya heshima.

Aliyebaki alibeba mzigo pia: watoto, duka, mifugo, wageni, bili ya maji. Siku mbili za kwanza wewe uliza, yeye aeleze. Picha zitaonyeshwa akiziomba. Ukipita Kyela beba kilo tano za mchele. Zitasema umewakumbuka kabla hujafungua mdomo. Halafu kuna misiba. Huwezi kukaa porini wiki tatu pasitokee msiba au michango ya harusi mtaani. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu mmoja fedha na jina lako, akuwakilishe. Ukirudi, ndani ya wiki ya kwanza zunguka nyumba zilizofiwa ukatoe pole mwenyewe. Watu wanasamehe aliyekuwa mbali. Hawasamehe aliyerudi akakaa kimya. Na mizunguko hiyo ya pole, niwaambie, inamtoa mtu chumbani kuliko ushauri wowote.

Kwa walioajiriwa, sheria ya kazi ya 2004 inatoa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, na sikukuu zikiangukia humo zinahesabiwa ndani. Watu wanapanga kutembea 26 na kusafiri mbili, wanaingia kazini Jumatatu na vumbi masikioni. Panga hivi: siku mbili za kufunga mizigo, 19 au 20 za njiani, saba au sita zilizobaki za nyumbani. Aliyejiajiri atenge fedha ya kuishi wiki mbili kwa kila mwezi wa kutembea, na aiweke mahali asipoweza kuifikia kwa simu akiwa njiani. Angalieni tarehe ya kodi ya nyumba. Hapa mjini wengi wanalipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na kodi ikimkuta mtu ndiyo kwanza ameshuka, anauza hema na buti kwa bei ya kutupa. Kwenye kikoba, lipa hisa za mbele na umuage katibu kabla ya safari.

Vifaa vinajulikana, nitapita. Hema likaushwe kivulini siku mbili kabla ya kukunjwa, la sivyo ule utando wa kuzuia maji unaanza kunata na kunuka. Buti lioshwe kwa maji baridi, lijazwe magazeti, likae mbali na jiko la mkaa. Joto linaachanisha gundi na soli inabaki njiani safari ijayo. Mfuko wa kulalia utundikwe, usibanwe. Betri zitoke kwenye tochi. Kichujio cha maji kilicholala nje kwenye jalidi la Kitulo msikiamini tena, maana nyuzi zake zikiganda zinapasuka bila kuonekana, na maji yatakuja safi machoni tu.

Nimalizie na wapagazi.

Ninyi mnarudi Oktoba au Novemba, na kurudi kwenu hakuna kochi. Mvua zinaanza, shamba linasubiri jembe, na gari la viazi linasubiri vijana wa kupakia. Mgongo uliobeba kilo 20 miezi minne unaingizwa chini ya lumbesa lenye zaidi ya kilo 100, wiki hiyohiyo. Kilo 20 ni mzigo wa mgongoni wenye mikanda, uzito uko karibu na nyonga. Gunia linainuliwa kwa kuinama na kujipinda, na kujipinda huku umeinama ndiko kunakochomoa diski za uti wa mgongo. Siku 10 hadi 14 msipakie magunia. Limeni kwa zamu fupi. Ukianza kuhisi maumivu yanashuka kutoka kiunoni hadi chini ya goti, au ganzi katikati ya mapaja, au haja ndogo inakataa kutoka, hayo mawili ya mwisho ni ya hospitali usiku huohuo.

Na nyie mnaowaajiri: malipo ya msimu mzima kumpa kijana mkononi siku ya mwisho, getini, jioni, ni kumtega. Gawanyeni, sehemu kila safari, sehemu ya mwisho wiki mbili baada ya msimu, na siku hiyo ya kulipa iwe ndiyo siku ya kumuuliza yale maswali manne. Kiongozi anayempigia simu mtalii wake wa Ulaya na kumsahau mpagazi wake wa Matamba hajamaliza kazi.

Sasa simameni, tufanye lile la miguu. Sogeeni ukutani, wasiopata ukuta washike bega la jirani. Mikono ukutani kwenye usawa wa kifua. Mguu wa kushoto nyuma hatua moja kubwa, vidole vielekee mbele kabisa; hapo ndipo mnapokosea, wengi mmevigeuza nje. Kisigino chini, kisiinuke. Goti la nyuma limenyooka. Sukuma nyonga mbele taratibu mpaka uhisi unavutwa nyuma ya mguu. Usidundedunde. Hesabu thelathini. Vizuri, mzee, hapo hapo. Sasa bila kuinua kisigino, kunja goti hilohilo kidogo; mvuto umeshuka karibu na kifundo. Thelathini tena. Mara tatu kila mguu, asubuhi na jioni, wiki sita. Badilisheni mguu.